Shule zikifungwa ghafla tena: mwongozo wa mzazi na mwalimu wa huku kwetu Dodoma

Mbukwenyi wazazi, na walimu wenzangu habari za kazi. Mi ni mwalimu wa msingi, shule yetu iko pembezoni mwa jiji huku ambako lami inaishia na vumbi linaanza, na pia ni mzazi wa wawili. Naandika hii kitu kwa sababu kila nikisikia tangazo la ugonjwa roho inanipasuka, sio kwa kuogopa kufa, naogopa kile kabati.

Ngoja nieleze kabati. Tarehe 16 Machi 2020 ilitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Arusha, sisi ofisini tukawa tunasema Arusha mbali bana. Kesho yake Jumanne Waziri Mkuu akatangaza shule zote kuanzia awali mpaka kidato cha sita zinafungwa siku 30. Watoto wakashangilia, walidhani wamepewa likizo. Sisi tukawatawanya mikono mitupu, tukafunga kabati la vitabu, mwenzetu wa stoo akatia ufunguo mfukoni akapanda basi kwenda kwao. Siku 30 zikaongezwa, kidato cha sita na vyuo wakarudi tarehe 1 Juni, sisi wa chini tukafungua 29 Juni, yaani siku 104 zimepita tangu lile tangazo. Siku tunafungua kabati, kitabu cha juu kizima kabisa kinang'aa, ukikiinua kile cha chini yake kinabaki na jalada tu, ndani udongo. Mchwa walikuwa wamepanda ukutani wakaingia kwa nyuma. Watoto miezi mitatu na nusu hawana cha kusoma, na vitabu viko hapo vinaliwa na mchwa.

Kwa hiyo huu mwongozo unaanzia hapo.

Hatua ya kwanza: fanyeni sasa hivi wakati hakuna ugonjwa

Mwalimu, chukua kaunta buku moja, andika darasa zima. Usiishie jina na namba ya simu ya mzazi kama tulivyozoea, manake namba ya mzazi huku kwetu ni hadithi ndefu. Weka jina la mtoto, kitongoji au mtaa, balozi wake nani, mtoto yupi mwingine wa darasa hilo anakaa jirani, na hiyo simu ni ya nani hasa na huwa inawashwa saa ngapi. Hii ya mwisho watu wananicheka ila nilipiga simu za wazazi wa darasa zima Aprili ile, nyingi hazipatikani, kumbe simu inapelekwa senta kuchajiwa kwenye sola ya mtu asubuhi inachukuliwa jioni, au baba kaenda nayo machungani. Ukishajua kwamba kwa mama fulani unampata saa moja usiku basi unapiga saa moja usiku, hauteseki.

Halafu vitabu. Kaeni na mwalimu mkuu na kamati ya shule mkubaliane kabla, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, kwamba shule ikifungwa kwa dharura vitabu vinatoka. Kitabu kimoja kwa watoto watatu wanaokaa karibu, mzazi mmoja anasaini au anaweka dole gumba. Vitapotea? Vingine vitapotea, vingine vitarudi vina mafuta ya karanga. Mi baada ya ile mchwa nimeacha kubishana na mtu kuhusu hilo. Na ufunguo wa stoo uwe na kopi, moja ikae kwa mtu anayeishi hapo hapo kijijini hata zamu ya kuhama ikija.

Mzazi, kazi yako hapa ni ndogo: hakikisha namba uliyompa mwalimu bado inafanya kazi, ukibadilisha laini sema. Na usitupe madaftari ya mwaka jana, ndio yatakuwa vitabu.

Hatua ya pili: siku tangazo linatoka

Usiwaache watoto waondoke kabla hawajui mambo matatu, waandike nyuma ya daftari la kila somo: unasoma kuanzia ukurasa gani mpaka upi, daftari utalipeleka kwa nani likaangaliwe, na siku gani. Basi. Usiwape masomo yote, kwa madarasa ya chini KKK inatosha kabisa, mtoto wa la pili akirudi anajua kusoma, kuandika na kuhesabu hajapoteza kitu, hayo mengine atayakuta. La saba ni habari nyingine kwa sababu ya mtihani, hao wape na mitihani ya miaka iliyopita wakafanye mmoja kila wiki (mwaka ule mtihani wenyewe ulisogezwa mpaka Oktoba, nani alijua).

Na waelezeni ugonjwa ni nini, kwa maneno ya kawaida. Mtoto asipoambiwa na mwalimu ataambiwa na mwenzake njiani, na wa kwangu mdogo alirudi nyumbani analia ameambiwa mtu akikohoa tu anazikwa usiku.

Hatua ya tatu: ujue ugonjwa unapitia wapi

Hapa tulichemka sana 2020 na sioni mtu anasema. Tulinawa mikono mpaka ikachubuka, halafu Juni na Julai Dodoma si unaijua, upepo na baridi, walimu tunafunga madirisha na milango watoto 87 wamebanana ndani wanapumuliana. Korona inapita zaidi kwenye hewa. Kwa hiyo kwa ugonjwa wa kukohoa na mafua, cha kwanza ni hewa, fungua dirisha, tena yale madarasa yetu yasiyo na vioo ambayo kila mwaka tunayalalamikia yakawa ndio bora kuliko ya shule za wenye nazo. Hamishia kipindi chini ya mti ukiweza, mibuyu na migunga ipo, ubao wa kubeba unatengenezwa na fundi yeyote. Barakoa ivaliwe ifunike pua, sio kidevu.

Kipindupindu ni maji, chakula na choo, hapo ndio kunawa kwa sabuni, kuchemsha maji, na kuzuia wale wa kuuza maembe yaliyomenywa getini. Mtoto akianza kuharisha maji maji mpe maji ya ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, huku mnampeleka kituo cha afya, msisubiri asubuhi. Macho mekundu kama yale ya Januari 2024 yanapita kwenye mikono, taulo na mito, mtoto abaki nyumbani na asitiwe maji ya chai wala maziwa machoni jamani. Na haya ya homa za kuvuja damu kama Marburg iliyotokea Kagera 2023 na tena 2025, hapo ni kugusa majimaji ya mgonjwa au maiti, hivyo mtoto haendi kwenye msiba wa namna hiyo na ukiwa na wasiwasi unapiga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure.

Na kujifukiza sisemi kitu, kila mtu na imani yake, ila sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi na mtoto wa miaka mitano ndani yake, hapana. Maji ya moto yakimwagikia mtoto humo ndani hana pa kukimbilia.

Hatua ya nne: nyumbani, mtoto atasoma saa ngapi na nani ataangalia

Hapa ndio penyewe. Watu wengi wanauliza simu gani, programu gani, redio gani. Mi nilichoona kwa macho yangu, watoto waliorudi wanajua ni wale ambao nyumbani kulikuwa na mtu mzima mmoja anayejua saa fulani mtoto anakaa na daftari, na lile daftari linaangaliwa. Hata kama huyo mtu mzima hajui kusoma.

Ratiba usiipange kama ya shule, utaishia siku ya tatu. Machi mpaka Mei huku kwetu uwele na mtama vinakomaa, ndege wanashuka kama mvua, kila mtoto anahitajika shamba kuamia. Kumkatalia mzazi asimpeleke mtoto shamba ni kupoteza muda, ugali utatoka wapi. Panga kusoma kufuate kazi. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa darasa la tatu, alikuwa anasoma kwa kudonoa donoa herufi, mama yake alikuja nyumbani kwangu Aprili na mtoto, akasalimia, "Shikamoo mwalimu" (ananizidi umri lakini huwa hakubali nimuanze), akasema mwalimu nipe karatasi yoyote yenye maandishi. Nikampa kitabu cha hadithi na kalenda ya zamani. Nikaja kupita shambani kwao wiki mbili mbele, mtoto yuko juu ya dungu anasoma kwa sauti ya kupiga kelele kabisa, akisoma ndege wanakimbia, akinyamaza wanatua, kwa hiyo mama yake huku chini anapalilia karanga anasikia moja kwa moja kama mtoto anasoma au kalala. Alikuwa amekirudia kile kitabu mpaka kimechakaa pembe zote. Juni amerudi anasoma kuliko mtoto wa mwalimu, na mtoto wa mwalimu namsema wa kwangu.

Sasa wewe mzazi ambaye hukusoma, au ulisoma umesahau, fanya hivi. Mwambie mtoto akusomee, we sikiliza tu, akigugumia sehemu mwambie rudia hapo, kesho arudie palepale, siku akipita bila kugugumia mmevuka. Hesabu, mwambie akuelezee kwa punje za mahindi au mawe alipataje jibu, akishindwa kueleza hajaelewa hata kama jibu ni sahihi. Andika kijistari kwa kalamu chini ya kazi ya kila siku kuonyesha umeiona, mwalimu akiona vijistari anajua. Muda uwe wa saa moja kwa wadogo, saa moja na nusu mpaka saa mbili kwa wakubwa, asubuhi kabla ya jua au jioni mbuzi wakishaingia, na wakati huo asitumwe maji. Hilo la kutumwa maji ndio linalovunja ratiba za watoto wa kike, kaka yake ameketi na daftari yeye yuko kwenye foleni ya bomba na madumu mawili. Wabadilishane siku.

Hatua ya tano: simu, redio na bando

Redio kwanza. 2020 TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) na TBC walirusha masomo, na vipindi vya namna hiyo vikija tena mtoto asisikilize akiwa amelala kitandani, awe na daftari, na baada ya kipindi aulizwe umesikia nini. Redio moja ikusanye watoto wa nyumba mbili tatu, nje, sio ndani. Ukiwa na intaneti vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya TET, unapakua mara moja ukiwa na bando la usiku unatunza kwenye simu, usirudie kufungua kila siku.

Grupu la wazazi la WhatsApp, walimu tusikilizane. Tuma picha moja ya kazi iliyoandikwa kwa mkono kubwa, na voisi ya dakika moja kueleza. Video usitume, mzazi akifungua video mbili bando la wiki limekwisha na hasira zote zinakuja kwako. Ujumbe mmoja kwa siku, saa ileile. Na grupu lifungwe waandike viongozi tu, la sivyo kazi ya mtoto inazama chini ya dua, matangazo ya viwanja vya Nzuguni na dawa ya vitunguu swaumu.

Wengi hawana simu kubwa. Sisi tuliishia na karatasi za manila, naandika kazi ya wiki kwa maka peni, napeleka kwenye duka moja kila kitongoji, mwenye duka anabandika ukutani nje, watoto wanakuja kunakili wawili wawili. Nilitumia manila nne kwa wiki. Kutoa kopi steshenari kwa kila mtoto ningefilisika.

Wa shule binafsi, la ada: kaeni mapema mwandikishane shule ikifungwa mnalipa kiasi gani na mwalimu analipwa vipi. Jirani yangu alifundisha shule moja binafsi, sitaitaja, mshahara ulisimama mwezi wa pili tu tangu shule kufungwa, akawa anauza mboga za majani Sabasaba huku wazazi bado wanampigia kuuliza homuweki.

Hatua ya sita: kibuyu chirizi

Hiki ni kile cha kunawia mikono kwa kukanyaga kijiti, nitakieleza chote kwa sababu wengi wanatengeneza vinavyokufa wiki ya kwanza. Unahitaji dumu la lita tano (lile la mafuta ya kula, lioshwe na maji ya moto), nguzo mbili zenye panda, mti mmoja mnyoofu wa kulala juu, kamba, kijiti cha kukanyaga, kipande cha sabuni, msumari na mawe madogo.

Chimbia nguzo kama mkono mpaka kiwiko, ziachane kama mita moja, laza mti juu ya panda, upitishe kwanza kwenye mkono wa dumu. Pasha msumari uwe mwekundu, toboa dumu tundu moja upande wa mbele, chini kidogo ya shingo. Moja tu! Ukitoboa mawili maji yanaisha haraka na ndoo kwetu inanunuliwa. Funga kamba shingoni, ishuke mpaka kwenye kijiti cha chini kinachobaki kama sentimita 15 kutoka ardhini. Mtoto akikanyaga dumu linainama maji yanachirizika, akiachia linarudi, hakuna aliyeshika kitu kwa mkono. Chini tandaza mawe, la sivyo panakuwa tope na nguruwe wa jirani wanahamia. Sekunde 20 za kusugua, wetu tuliwafundisha kuhesabu moja mpaka ishirini kwa sauti, wa awali wakajifunzia hesabu hapo.

Yaliyotukuta: kunguru waliiba sabuni. Sio utani, siku tatu sabuni tatu, tukamkasirikia mlinzi bure. Kata chupa ya maji nusu, igeuze mdomo juu kama kofia, sabuni itobolewe katikati ining'inie ndani yake, kunguru haoni. Mbuzi wakatafuna kamba ya katani, tukaweka ya nailoni. Na watoto wa awali hawafiki, wawekee chao kifupi. Kila kimoja kiwe na darasa linalokijaza maji, kwa zamu, jina liandikwe ubaoni, kisichokuwa na mwenyewe kinakauka.

Hatua ya saba: watoto wa kike

Nitasema wazi. Shule ikifungwa muda mrefu mtoto wa miaka 13, 14 yuko peke yake nyumbani mama kaenda mnadani, bodaboda na mafundi wanapita. Mzazi ujue mtoto anashinda wapi na nani anampa hela ya chipsi. Mwalimu wa malezi awe na orodha yake ndogo ya wale anaowapigia kila wiki, aongee na mtoto mwenyewe, sio mzazi tu. Simu ya mtoto ni 116, bure, mtoto mwenyewe anaweza kupiga, waandikeni namba hiyo nyuma ya daftari. Na kama mimba imeshatokea, tangu Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Bado kuna wazazi na hata walimu hawajui au wanajifanya hawajui.

Hatua ya nane: siku ya kufungua

Wiki ya kwanza usifungue mada mpya. Najua mtaala umechelewa, afisa elimu kata anauliza mmefika wapi. Mpe kila mtoto aya moja asome na hesabu tano, utashangaa, nusu ya darasa langu walikuwa wamesahau kukopa kwenye kutoa. Rudi walipo, ongezeni kipindi jioni baadaye. Uji wa shule uanze siku hiyohiyo hata kama michango ya mahindi haijakamilika. Mtoto akikohoa usimtoe mbele ya wenzake, muite pembeni, mpigie mzazi, manake jina la utani la ugonjwa mtoto anabaki nalo mpaka anamaliza la saba.

Na siku ya tano chukua ile kaunta buku, piga mstari wasiorudi. Mi nilikuwa nao kumi na moja. Anza na wenzao wanaokaa jirani, wanajua kila kitu, kahamia kwa shangazi Manyoni, kaenda kufanya kazi za ndani mjini, yuko machungani. Halafu balozi, halafu mtendaji wa kijiji akishindikana mzazi. Nenda mwenyewe kwa miguu usitume barua. Kwa mmoja, binti wa la sita, nilienda mara tatu, mara mbili baba anasema mtoto anaumwa. Ya tatu nilimkuta njiani na punda na madumu anatoka kuchota maji. Hakusema kwamba anaumwa wala hakulia, aliniuliza tu kama dawati lake limeshapewa mtu. Nikamwambia halijapewa. Jioni ile nilirudi shule nikamhamisha aliyekuwa amekalia.